Senti 15 za Couronnes

Mhariri, swali lenu la wiki hii linauliza: ni janga gani la usafiri katika miji mikubwa ya dunia ambalo abiria wa Dar es Salaam angepaswa kulijua, na kwa nini? Langu ni moto wa Paris wa Agosti 10, 1903. Ila nitaanzia Barabara ya Kilwa.

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa kwenye daladala ya Mbagala kwenda Kariakoo, asubuhi, watu wamebanana mpaka mlangoni. Mimi nilikuwa nimepata siti ya nyuma dirishani, nimempakata mtoto wa mama mmoja aliyekosa pa kukaa. Tulipokaribia Mtoni, moshi ukaanza kutoka pale mbele, pembeni mwa dereva, injini ilipo. Ulianza mwembamba, kisha ukawa mweusi wenye harufu ya waya unaoungua. Dereva akaegesha. Konda akasema tutulie, ni maji tu yamechemka. Nasi tukatulia, jambo linaloniuma hadi leo. Baba mmoja aliyekuwa mlangoni alikuwa ametoa noti ya elfu kumi. Akasimama ngazini akimdai konda chenji yake. Wengine wakadakia: turudishie nauli, hatujafika. Nyuma yao tulikuwa watu zaidi ya ishirini, na moshi unazidi kutufikia.

Moto haukuwaka. Dereva aliuwahi, tukafaulishwa kwenye gari jingine, nikafika kazini nimechelewa. Sikulifikiria tena tukio lile mpaka niliposoma habari za kituo cha Couronnes.

Treni ya chini ya ardhi ya Paris ilikuwa na umri wa miaka mitatu tu. Jioni ile treni moja yenye mabehewa ya mbao ilipata hitilafu ya umeme. Abiria wake wakashushwa, na treni nyingine nayo ikashushwa watu ili iisukume ile mbovu. Zikiwa zinakwenda hivyo, tupu, moto ukalipuka zilipofika kituo cha Ménilmontant. Treni iliyofuata nyuma, imejaa watu wanaorudi makwao, ikasimama kituo kimoja kabla, Couronnes. Wafanyakazi wakawaambia abiria washuke na watoke nje. Baadhi wakagoma. Walikuwa wamelipa senti 15 za Kifaransa na walitaka zirudishwe kwanza.

Wakiwa kwenye mabishano hayo moshi ukaingia kutoka handakini, na taa za kituo zikazimika, kwa kuwa zilitegemea umeme uleule wa treni. Gizani watu wengi wakakimbilia ncha ya jukwaa isiyokuwa na mlango. Jumla ya waliokufa katika moto ule ni 84, wengi wao pale Couronnes, kwenye kituo ambacho moto wenyewe haukufika.

Nimesikia watu wakiwacheka wale abiria kwa kufia senti. Mimi siwezi. Anayeishi mjini kwa mshahara wa siku anajua nauli ni nini. Ukiilipa mara mbili, jioni kuna kitu kinapungua nyumbani. Na hawakuuona moto. Ulikuwa kituo cha mbele. Waliambiwa watoke, na kwa macho yao kila kitu kilikuwa salama. Baba yule wa Mtoni naye alikuwa hivyo, na mimi niliyekaa kimya nyuma yake nilikuwa hivyo.

Baada ya msiba ule, Paris ilitenganisha umeme wa taa za vituo na umeme wa treni, na ikaweka alama za taa zinazoonyesha njia ya kutokea. Mambo mawili tu, tena mepesi kuyaeleza: mtu aone, na ajue aelekee wapi.

Lakini kujua njia hakutoshi kama anayesimamia safari hakuruhusu uifuate. Februari 18, 2003, katika jiji la Daegu, Korea Kusini, mtu alichoma moto treni iliyokuwa kituoni. Treni ya pili ikaingia kutoka upande wa pili na kusimama sambamba na ile inayoungua. Abiria wakatangaziwa wasubiri ndani. Dereva akaja kukimbia na ufunguo, milango ikabaki imefungwa. Waliokufa ni 192, na wengi walikuwa wa treni hiyo ya pili, ambayo haikuchomwa na mtu.

Nikiisoma habari hiyo naisikia sauti ya konda wetu: tulieni.

Kuna wanaosema haya ni ya wenye treni za chini ya ardhi, sisi hayatuhusu. Treni yetu ya umeme inayotoka Dar kwenda Dodoma inapita kwenye mahandaki kule Kilosa. Halafu tuna MV Bukoba, Mei 21, 1996. Kila mtu wa umri wangu anakumbuka alikuwa wapi siku ile. Zaidi ya watu 800 walikufa Ziwa Victoria karibu kabisa na Mwanza, kwenye meli iliyojengwa kubeba watu 430. Ilipopinduka, kuna waliobaki hai ndani, wakigonga chuma wasikike. Ikatobolewa ili watolewe. Hewa iliyokuwa inaishikilia ikatoka, meli ikazama nao. Nia ilikuwa ya kuokoa. Lakini njia ya kutoka ilianza kutafutwa wakati muda umekwisha, na sijui kitu kinachonihuzunisha zaidi ya ile milio ya kugonga.

Ndiyo maana nasema Couronnes. Konda afundishwe, kabla ya kufundishwa kupiga debe, kwamba moshi ukitokea watu washuke kwanza, mambo ya nauli yazungumzwe barabarani. Na aliseme hilo kwa sauti, kwamba fedha zenu zipo na mtafaulishwa, maana anayejua hatapoteza nauli yake hana sababu ya kuziba mlango.

Upande wetu abiria, nina aibu kusema kwamba siku ile nilikuwa dirishani na mtoto wa watu mapajani, na dirisha sikulifikiria hata mara moja. Jioni Kariakoo tunaingilia madirishani kugombea siti, tunayajua vizuri. Kutokea huko hakukunijia. Siku hizi nikipakatishwa mtoto, kabla gari halijaondoka nalisukuma kioo nione kama kinafunguka. Vingine havifunguki. Hapo namwita mama yake, namrudishia mwanawe, nashuka kusubiri gari la nyuma, na kwa nini nimeshuka namwambia yeye na konda pia.