Laptopu haiwaki? Toa mafaili kwanza, Windows baadae

Wadogo zangu mnaoanza ufundi wa kompyuta, khasa nyie wa Darajani na Mlandege hapa Unguja na wale wa Chake na Wete kule Pemba, mie leo nna jambo moja tu. Mteja akikuletea laptopu inagoma kuwaka na ukahisi hadi diski (hard disk, pale mafaili yanapokaa) ndo inaumwa, kazi yako ya kwanza si kuifanya iwake, kazi yako ni kutoa mafaili yake. Windows utaiweka hata kesho kutwa, lakini picha za harusi ya bi mkubwa na utafiti wa mwanafunzi wa SUZA, chuo kikuu chetu cha Zanzibar, vikipotea vimepotea.

Nalisema hili kwa sababu mazoea ya madukani ni kinyume. Mteja ana haraka anawahi boti, fundi anachomeka flashi ya Windows, anapiga Startup Repair (Windows ijitengeneze yenyewe), ikigoma anapiga chkdsk (amri ya Windows ya kukagua na kurekebisha diski), ikigoma tena anafomati, basi. Sasa ile chkdsk ukiipa /r unajua inafanya nini? Inapita diski yote sekta baada ya sekta, vile vipande vidogo vya kuhifadhia data, ikikuta mbovu inahangaika nayo mpaka isome kinachosomeka halafu inaitia alama isitumike tena, na wakati huo huo inaandika na kubadilisha mpangilio wa mafaili. Diski yenye afya haina neno, itavumilia. Diski inayokufa ukiipiga hiyo ni sawa na kumpandisha mgonjwa wa moyo ngazi za ghorofa kumi ili umpime presha. Hata kule kuiwasha na kuizima kila mara "tuone labda itakubali" nako kunakula uhai uliobaki.

Kwa hiyo kabla hujafanya kitu, isikilize. Kama inapiga tik tik tik halafu inanyamaza halafu inaanza tena, kichwa cha kusomea data kinatafuta njia hakioni, zima hapo hapo usiongeze hata dakika. Diski za laptopu nyingi zinazunguka mara 5400 kwa dakika, nyengine 7200, na kile kichwa kinaelea juu ya sahani yenye data kwa nanomita chache tu, yaani chembe ya vumbi kwake ni jabali. Ndo maana hadi diski haifunguliwi juu ya meza ya duka na feni inapiga. Na ile habari ya kuitia diski kwenye friza ati ifufuke, tafadhali, na unyevu wetu huu wa hapa ukiitoa tu inatona maji, sahani zinapata umande, umemaliza kazi.

Kama haina sauti mbaya, usikimbilie kuilaumu diski, maana zipo sababu nyengine za kijinga kabisa. Tizama flashi imesahauliwa kwenye tundu, bayosi (programu ya ndani inayoamsha kompyuta) ikijaribu kuanzia hapo utaona "No bootable device" na diski haina kosa. Tizama tarehe kwenye bayosi, ikiwa imerudi nyuma miaka basi betri ya CR2032, ile ndogo ya duara iliyo ndani, imekwisha, ile inatakiwa iwe na volti 3, na ikifa mipangilio inarudi ya kiwandani, kama diski ilikuwa inasomwa kwa njia ya AHCI sasa ikaja ile ya RAID, Windows inatoa skrini ya buluu inasema INACCESSIBLE_BOOT_DEVICE na mtu anafomati bure. Vile vile kama Windows iliwekwa kwa UEFI, njia mpya ya kuwasha, na bayosi imehamia Legacy, ile ya zamani, haitowaka. Na umeme ukikatika katikati ya apdeti kwenye desktopu isiyo na UPS (betri ya akiba), mafaili ya kuanzia yanaharibika tu, diski yenyewe nzima. Hiyo ndo kesi ya bootrec na bcdboot, amri za Windows za kutengeneza mafaili ya kuanzia, zipigwe hapo, si penginepo.

Sasa vipi utajua ni diski? Itoe, itie kwenye kesi ya USB, ichomeke kwenye kompyuta yako, fungua CrystalDiskInfo, programu ya kusoma afya ya diski. Windows ikikwambia inataka kuifomati, kataa. Usiridhike na kile kibox cha buluu kinachosema Good, nyingi zinakufa zikiwa Good. Shuka chini usome namba: 05 ni sekta zilizokwisha hamishwa, C5 ni zinazongoja hukumu maana hazisomeki vizuri, C6 ni zilizoshindikana. C5 ikiwa inapanda kila ukitizama, hiyo diski inaondoka. Na jamani zile namba za upande wa kulia zinaandikwa kwa heksa (hesabu ya msingi wa 16) mpaka uzibadilishe kwenye mipangilio, kwa hiyo 64 pale ni 100. Ipo na C7, makosa ya data njiani, hiyo mara nyingi ni kebo au vile vipini vya shaba vya kuchomekea vimeshika kutu, na hewa ya chumvi hapa kwetu hilo si jambo la ajabu, safisha, badilisha kebo, uone kama inaendelea kupanda. Hesabu ya zamani haishuki, usingoje ishuke.

Ukishajua inaumwa, muulize mwenyewe, "Mwalimu, kitu gani humu hukubali kikose?" Atakwambia mitihani ya skuli au hesabu za duka, anza na hivyo hivyo, muziki na muvi baadae. Muulize pia kama ina BitLocker, ile kufuli ya Windows inayoficha data, maana bila ule ufunguo wa tarakimu 48 utakopi takataka tupu, mara nyingi umo kwenye akaunti yake ya Microsoft. Washa kompyuta kwa flashi ya Linux, mfumo mwengine usiohitaji Windows, fungua diski kwa kusoma tu bila kuandika, kopi.

Ikianza kukwama kwama, acha kukopi faili moja moja, chukua taswira ya diski yote, yaani nakala yake kamili kwenye faili moja, kwa ddrescue, programu ya Linux ya kuokoa data, ukiiweka kwenye eksteno (diski ya nje):

ddrescue -d -n /dev/sdb /mnt/eksteno/mteja.img /mnt/eksteno/mteja.map

Hii inachota kwanza vinavyosomeka kirahisi, penye ubovu inaparuka, halafu ukirudi mara ya pili unaondoa -n unatia -r3 ndo inahangaika na yaliyobaki. Uzuri wake ni lile faili la map linaloandika ilipofika, umeme ukikatika unapiga amri ile ile na inaendelea ilipofika. Kwa visiwa vyetu hivi programu gani nyengine utaipenda? Ila piga lsblk kwanza, amri ya kuorodhesha diski, ujue ipi diski ya mteja na ipi yako, ukizigeuza umeandika juu ya data zake, na eksteno iwe kubwa kuliko diski unayoinakili. Ukimaliza, ile diski iweke pembeni, marekebisho yote na uokoaji wa mafaili fanya juu ya nakala.

Inayopiga tik tik au isiyozunguka kabisa mwambie mtu kweli, hiyo inataka maabara yenye chumba kisicho na vumbi na bei yake ni kubwa, aamue mwenyewe kama data zina thamani hiyo. Usimwambie "niachie nijaribu jaribu".

Baada ya hapo mtie SSD, diski isiyo na sahani inayozunguka, hata laptopu ya zamani itamshangaza, lakini usimwambie haifi. SSD haipigi kelele, inaweza kulala nzima ikaamka bayosi haiioni, kwa hiyo aondoke na eksteno yake ya nakala, na ile asiiache imechomekwa muda wote.

Na diski mbovu mrejeshee mwenyewe mkononi, usiitie kwenye boksi la spea ukaja kuiuza. Kufomati kwa haraka hakufuti kitu, picha za familia ya watu zimo humo humo bado.