Usijenge hanga la kuta tatu, mkuu: simamisha fundi kwanza

Mkuu, kama zege la nguzo za mbele halijamwagwa, mpigie fundi wako simu asimame. Piga kwanza, ndipo uendelee kusoma.

Kwa wanaoingia sasa: mleta uzi anajenga hanga la ndege moja ndogo ya injini moja pembeni ya kiwanja cha vumbi huku Lindi. Upana mita 14, kina mita 10, kuta za tofali pande tatu, mbele kunaachwa wazi "ili upepo upite na tuokoe hela ya mlango". Anauliza atumie bati geji 28 au 30, bima inakuwaje, kibali anaanzia wapi, na chumba cha abiria kusubiria akiweke upande gani. Wachangiaji wote hapo juu wanabishana kuhusu rangi ya bati na bei za Mtwara mjini. Hakuna hata mmoja aliyeligusa lile neno "wazi", na hilo ndilo litakalokuvunjia ndege.

Upepo haupiti, kaka. Utapita kwenda wapi? Nyuma umejenga ukuta, kushoto ukuta, kulia ukuta. Ukiingia kwa mbele unagonga tofali na kukosa pa kutokea, hewa inajazana ndani, na sehemu pekee iliyo nyepesi kuliko zote ni paa. Paa linasukumwa kutoka chini, na wakati huohuo upepo unaopita juu ya bati unalivuta. Nguvu mbili, zote zinakwenda juu. Umetengeneza tanga la jahazi na umeiegesha ndege chini yake.

Nimefanya kazi miaka mingi kwa mzee mmoja aliyekuwa na ndege mbili za kukodisha kwenye kiwanja kidogo huku kusini. Alikuwa na hanga kama hilo unalolichora, kuta tatu na mbele wazi. Kulikuwa na nafasi ya ndege moja tu, ya pili ililala nje, imefungwa minyororo kwenye zege tatu zilizozikwa ardhini. Mzee alikuwa akiionea huruma ile ya nje, jua na chumvi ya bahari vinaila rangi. Ile ya ndani ndiyo aliyoipenda.

Na wala hakikuwa kimbunga kilichotupiga, naomba ulielewe hilo. Ilikuwa mvua ya radi ya mchana, mwezi wa tatu, wingu limetoka bara upande wa mikorosho. Kwanza soksi ya upepo, ule mfuko wa kitambaa unaoonyesha upepo unakoelekea, ililala kabisa, ikaning'inia kama hakuna hewa. Halafu likaja vumbi la njia ya kurukia, ukuta mzima wa vumbi jekundu, na soksi ikanyooka kuelekea baharini. Hanga lilikuwa limeupa mgongo upepo wa kusi, kwa hiyo mdomo wake ulitazama hasa kule wingu lilikotoka. Bati zikaanza kupiga makofi. Kisha makofi yakakoma, nikadhani upepo umepungua, kumbe paa lote lilikuwa limeshanyanyuka kutoka ukutani.

Liliondoka zima. Nataka uione picha hii: bati hazikubanduka moja moja, ziliondoka na papi zake (mbao zinazopigiliwa bati) na kenchi zake (fremu za mbao zinazobeba paa), kama lilivyopauliwa. Likapanda, likapinda katikati, likarudi chini juu ya ndege. Kenchi moja ilikata bawa la kushoto karibu na mwili, mafuta ya ndege ya rangi ya bluu yakaanza kuchuruzika sakafuni, na sote tukakimbia maana nyaya za taa zilikuwa zinaning'inia palepale. Ukuta wa nyuma ulilalia nje, kozi za juu zote.

Na ile ndege ya nje, iliyofungwa minyororo? Ilichubuka rangi kwenye mkia. Basi. Asubuhi iliyofuata ingeweza kuruka. Banda la makuti la abiria, nguzo sita bila ukuta hata mmoja, lilipoteza makuti ya upande mmoja likabaki limesimama. Vyote hivyo vilikuwa kiwanja kimoja, kwenye upepo uleule. Kilichokufa ni kile tu kilichokuwa na kuta tatu, pamoja na kilichowekwa ndani yake ili kilindwe.

Baadaye nilikagua juu ya ukuta. Misumari ya bati ilikuwa imepigiliwa vizuri mno, fundi wa bati hana lawama. Ila kenchi zilikuwa zimekaa juu ya linta, ule mkanda wa zege juu ya kuta, kwa misumari miwili miwili na waya wa kufungia nondo, ule mwembamba. Waya ulikuwa umekatika kwa kunyooka. Paa zima lilikuwa limeshikamana lenyewe kwa lenyewe, ila halikuwa limeshikana na nyumba.

Sasa hesabu, maana najua mtu atakuja kusema natisha watu. Upepo wa kilomita 100 kwa saa unasukuma kwa karibu kilo 48 kwenye kila mita ya mraba. Ukiwa umeingia kwa mbele na kujaa, halafu mwingine unavuta juu, paa linapata kama mara moja na nusu ya hiyo, tuseme kilo 70. Paa lako ni mita za mraba 140. Zidisha mwenyewe, ni karibu tani 10 zinazolivuta kwenda juu. Bati na kenchi za mbao za ukubwa huo hazifiki hata tani tatu. Hizo tani saba zilizobaki zinashikwa na nini? Na waya? Kasi ikiongezeka mara mbili, nguvu inaongezeka mara nne, kwa hiyo kwenye kilomita 200 kwa saa unazungumzia tani 40. Ukifunga upande wa mbele kwa mlango imara, ule msukumo wa ndani unaondoka kwa sehemu kubwa, na mzigo wa paa unapungua karibu nusu. Mlango ndio unaolishika paa. Ukiuondoa kwenye bajeti, umeondoa nusu ya uimara wa jengo zima.

Aliyemdanganya mzee ni mtaalamu, si fundi wa mtaani. Alikuja na kofia ngumu na michoro iliyopigwa mhuri, akasema kwa kujiamini, "Upepo uingie utoke, mzee, ukiuzuia ndio unabomoa." Mzee akauliza kuhusu vimbunga. Akajibiwa kwamba kusini hakuna kimbunga, hayo ni mambo ya Msumbiji na Madagaska. Baada ya paa kuanguka akapigiwa simu, akasema ni mapenzi ya Mungu. Mpaka leo nikilikumbuka jibu lile damu inachemka. Mungu hakuchora ule mchoro. Mtu aliulizwa swali la kitaalamu, akalipwa, akajibu uongo, halafu akamsukumia Mwenyezi Mungu.

Hakuna kimbunga kusini? Aprili 1952 kimbunga kilipiga Lindi hii hii, waulizeni wazee wa mjini waliosimuliwa na wazazi wao. Aprili 2019 kimbunga Kenneth kilituelekea, Mtwara watu wakaambiwa wahame mabondeni, ndipo kikatua Cabo Delgado, Msumbiji, ng'ambo ya mto Ruvuma. Watu wakatoa funzo la kijinga: kimetukosa, kwa hiyo huwa kinatukosa. Mei 2024 Hidaya kikafika pwani yetu upande wa Mafia, mvua yake ikakata barabara ya Dar pale Somanga, Kilwa. Desemba 2024 Chido kikapita kisiwa cha Mayotte, kikaharibu mpaka mnara wa kuongozea ndege wa kiwanja chao, kesho yake kikatua tena Cabo Delgado. Mto Ruvuma si ukuta. Na nimeshakwambia, sisi tulivunjiwa na wingu la mchana lisilokuwa hata na jina.

Wala si mambo ya uswahilini tu. Florida mwaka 1992, kimbunga Andrew kilipopita, waliochunguza nyumba zilizoezuliwa walikuta mara nyingi kilichoanza kuachia ni mlango mpana wa gereji. Mlango ukaingia ndani, upepo ukajaa, paa likafuata. Hao walikuwa na mlango, ila dhaifu. Wewe unataka kuanza bila mlango kabisa.

Kwa hiyo kanuni yangu ni moja, na nitairudia mpaka unichoke: kuta nne, au usiweke ukuta hata mmoja. Kuta tatu usijenge. Ukiwa na hela ya mlango, jenga hanga. Huna hela ya mlango, usijenge hanga, hela hiyo ichimbie zege za kufungia ndege na ununue minyororo. Utabaki na pesa, na ndege yako itakuwa salama zaidi kuliko ndani ya hilo jengo.

Mlango wenyewe uwe hivi. Fremu ya bomba za mraba, uvalishwe bati, utembee kwenye reli juu na chini. Reli ya chini ikae ndani ya mfereji wa zege, isiwe imefungwa juujuu, maana upepo unasukuma na pia unavuta, na mlango ulioshikwa juu pekee utabembea mpaka utoke. Kila bawa la mlango liwe na makomeo yanayoingia kwenye sakafu, na pale mabawa ya mlango yanapokutana katikati weka nguzo ya kuchomeka na kuchomoa. Mwisho wa reli weka kizuizi cha chuma. Na ufunguo akae nao mlinzi aliyepo kiwanjani, usimpe mtu anayelala Masasi. Wingu la radi linakupa dakika chache tu, mlango uliofungwa kwa kufuli ambalo ufunguo wake uko kilomita mia ni mlango ulio wazi.

Kuna aliyekushauri ugeuze hanga, mgongo uelekee kusi, eti utakuwa umemaliza. Mgongo wa hanga letu ulielekea kusi. Kusi unavuma miezi yake, kaskazi unavuma yake, mvua za radi zinatoka bara, na kimbunga kinapopita upepo wake unageuka kadiri kitovu kinavyosogea. Hakuna upande utakaouelekeza mdomo wazi ukawa salama mwaka mzima.

Mwingine amesema uweke mawe au viroba vya mchanga juu ya bati. Naomba usimsikilize. Paa likiondoka na mawe, yatakuwa yanaruka kwenye kiwanja chenye ndege na watu. Dawa ya paa ni mkanda wa chuma unaotoka kwenye nondo za linta, unapanda na kuikumbatia kenchi, unafungwa kwa bolti, kila kenchi pande zote mbili. Na nondo za linta zishuke kwenye nguzo mpaka msingi, ili nguvu iwe na njia ya kufika ardhini. Skrubu za bati ziwe karibu karibu zaidi kwenye kingo, kwenye kofia ya paa na kwenye pembe nne, huko ndiko upepo unakovuta kwa nguvu zaidi. Geji 28 ni nene kuliko 30, chukua 28, lakini bati nene kwenye kenchi isiyofungwa ni uzito zaidi wa kuiangukia ndege yako.

Hata ndani ya hanga lenye mlango, ifunge ndege. Chimba mashimo matatu, mawili chini ya mabawa na moja chini ya mkia, sentimita 60 kila upande. Zege la shimo moja linafika nusu tani. Chomeka nondo iliyokunjwa pete kabla halijakauka. Vigingi vya kupigilia kwa nyundo usivitumie, udongo wetu ni kichanga, ukilowa unaviachia. Kamba ya katani pia usitumie ingawa imejaa huku: ikilowa inajikaza na kuvuta bawa, ikikauka inalegea. Tumia mnyororo au kamba ya nailoni, ifunge kwenye pete za ndege zenyewe, si kwenye mihimili ya bawa. Usukani na mapezi yafungwe yasipepee. Ndege ndogo ikiwa tupu, upepo wa kama kilomita 90 kwa saa ukiipata usoni unaweza kutosha mabawa yake kuibeba, hata kama hakuna mtu ndani.

Na kimbunga si kama radi, kinatangazwa mapema. Mamlaka ya Hali ya Hewa wakitoa tahadhari, rusha ndege mapema, ikalale Songea au Dodoma, usingoje mpaka soksi inyooke.

Chumba cha abiria kisiegemee hanga. Kiweke mbali, peke yake.

Weka hapa picha ya linta kabla hamjapandisha kenchi, nione nondo zimeachwa wapi. Na huyo aliyekuchorea mbele wazi, mwulize kwa maandishi paa linashikwa na nini upepo ukiingia, halafu tubandikie jibu lake kwenye uzi huu.