Iowa ilipigana kweli

Umeuliza kwa nini Trump alihutubia akiwa kwenye manowari (meli kubwa ya kivita) USS Iowa Septemba 2015, na kama meli ile iliwahi kupigana au ni pambo tu. Ilipigana. Mwaka 1943 ilimvusha Rais Roosevelt bahari ya Atlantiki akielekea Tehran kukutana na Churchill na Stalin, 1944 ikaenda Pasifiki kupambana na Wajapani, na 1952 ikapiga mizinga pwani ya Korea.

Siasa ziliingia zaidi wakati wa Rais Reagan, miaka ya 1980. Aliahidi kurudisha heshima ya Marekani, akataka jeshi la majini lenye meli 600, na manowari nne kuukuu zikafufuliwa, Iowa ikiwamo. Mizinga yao yenye mdomo wa inchi 16 kila mpiga kura anaielewa kwa kuitazama tu. Naamini hiyo ndiyo siri ya wanasiasa, Trump akiwamo, kuzipenda manowari hizi. Vitani mambo yalikuwa magumu zaidi: New Jersey, mojawapo ya manowari hizo nne, ilifyatua karibu makombora 300 huko Lebanon Februari 1984, ikalaumiwa sana kwa kukosa shabaha.

Tafadhali usisahau Aprili 1989. Mnara mmoja wa mizinga wa Iowa ulilipuka, wakafa mabaharia 47. Walikuwa mazoezini tu, karibu na Puerto Rico.