Mbegu za anthuriamu zilizokauka hazioti, dada, vuna zako

Dada, umesema mbegu 20 za anthuriamu, lile ua jekundu la chunguni, ulizoagiza mtandaoni zilifika nyeusi na kavu kama pilipili manga, na miezi miwili sasa hakuna kilichochomoza. Zimwage. Na mimi nililiwa hela hivyohivyo, tena yangu ilikuwa na picha ya maua ya bluu! Bluu ile ilipakwa kwenye kompyuta.

Mbegu ya anthuriamu haivumilii kukauka kama ya mahindi au mchicha. Ikitoka kwenye tunda inataka kuota hapohapo, na ukiianika umeiua. Kwa hiyo dawa ni kuzalisha zako.

Lile jekundu tunaloliita ua ni jani tu. Maua yenyewe ni vile vijipele vilivyojaa kwenye kidole cha katikati. Kila kijipele huanza kuwa jike: asubuhi utaona vitone vinang'aa, ukigusa vinanata. Siku kadhaa baadaye hugeuka dume na kutoa unga, ndiyo chavua. Ndiyo maana ua moja peke yake kwa kawaida halijizalishi. Mimi nina miche miwili. Nachukua unga wa huku kwa brashi ndogo ya rangi, napaka kwenye vitone vya kule, narudia siku tatu nne. Ukikuta unga leo na hakuna jike la kupaka, ufunge kwenye karatasi, uweke kwenye friji.

Halafu usahau. Kidole kitanenepa, jani litageuka kijani, na itapita kama miezi sita au saba. Tunda likiiva linajisukuma lenyewe nje, la rangi ya chungwa, linaning'inia. Kabla ya hapo usilichokonoe.

Ukiminya unapata mbegu moja au mbili zenye utelezi. Hapa ndipo nilipoharibu mara ya kwanza. Nilizipanda na nyama yake, siku ya nne zikavaa ukungu mweupe, zote. Siku hizi nazisugua kwenye chujio la chai, naziloweka usiku kucha, nasuuza tena asubuhi. Vaa glavu, maana hawa ni ndugu wa magimbi na utomvu wao unawasha vilevile.

Kitanda changu ni vumbi la makumbi ya nazi ndani ya kopo la plastiki lenye mfuniko, lile la kubebea chakula. Mkiwa Pwani angalieni: makumbi mengine yamelowekwa baharini, yana chumvi. Suuza maji matatu, kisha mwagia maji ya moto uache yapoe. Usifukie mbegu, ilaze juu tu, funika, weka kwenye mwanga usio na jua. Kopo langu moja niliweka dirishani jua la saa nane likalipata, jioni nikakuta supu.

Kwa joto letu la Tanga kimzizi kinatoka ndani ya wiki moja hadi mbili, jani la kwanza baada ya hapo. Adui anayefuata ni kinyausi: mche unalala ghafla, shina limekuwa jembamba kama uzi pale chini. Nafungua mfuniko dakika chache kila asubuhi, na maji napuliza, simwagi. Kwenye mbegu 40 za mwaka mmoja nilibaki na miche 26, mingine walikula konokono baada ya kuihamishia nje.

Jambo moja usilitegemee: kupata ua lile la mama. Hizi za dukani ni machotara. Mche wangu wa kwanza ulichanua baada ya miaka miwili na nusu, wazazi wote wekundu, wenyewe ukatoka waridi iliyopauka yenye ncha ya kijani. Wifi yangu aliuona siku hiyohiyo akaondoka nao.

Ukipata vitone vinavyonata leta picha hapa, nitakwambia kama ni wakati wake.