Kifaransa chako kina krediti, Kiswahili hakimo

Je, unaweza kupata krediti za chuo Marekani, yaani pointi za masomo zinazohesabiwa kwenye digrii, kwa lugha unayoijua tayari? Ndiyo, ila kwa CLEP, mtihani unaokupa krediti bila kukaa darasani, itabidi iwe Kifaransa, si Kiswahili. Mtihani huo wa College Board, shirika la mitihani la Marekani, una Kifaransa, Kijerumani na Kihispania tu. Kwa aliyesoma sekondari Bukavu au Bujumbura, hiyo ni mali kabisa, usiiache. Alama ni 20 hadi 80. Vyuo vingi hutoa krediti kuanzia 50, na ukifika 59 Kifaransa huhesabiwa ngazi ya pili, krediti zinaongezeka. Ni kusikiliza na kusoma, unachagua jibu kwenye kompyuta, insha hakuna. Nawasaidia wageni kujiandikisha chuoni, na wengi hulipia muhula mzima wa Kifaransa cha kuanzia bila sababu, inaniuma. Ada isikutishe: shirika la Modern States lina kozi za bure mtandaoni, ukimaliza wanakupa vocha ya kulipia mtihani. Lakini kwanza mwandikie msajili wa chuo chako akuthibitishie, kwa sababu kila chuo kina masharti yake na vingine havipokei CLEP kabisa. Ukikosa alama, unarudia baada ya miezi 3.