Zumu ndefu si ya mbali: kupiga ndege na wanyama kwa kamera moja hapa Mombasa

Mtu akishika Nikon P950 au P1000, kamera za zumu ndefu isiyobadilishwa lenzi, kwa mara ya kwanza, huvuta zumu hadi mwisho na kuelekeza lenzi ng'ambo ya mkono wa bahari wa Tudor, amtafute furukombe juu ya mkoko wa mbali. Ndege humpata, tena mkubwa, lakini picha hutoka imelegea: manyoya hayajulikani, kingo zinacheza. Kamera hulaumiwa bure. Milimita 2000 za P950, au 3000 za P1000 (kipimo cha lenzi inavuta kiasi gani), kazi yake halisi ni kumjaza kwenye fremu kiumbe mdogo aliye karibu: mdiria wa mita 12, au chozi kwenye ua la mgomba mita 7 kutoka barazani.

Kinachoharibu picha za mbali kwanza ni hewa. Jua likishapanda, tope, mchanga na lami huipasha moto hewa ya chini, nayo hupanda ikipishana na hewa ya baridi, na mwanga unaopita hapo katikati hupindapinda. Hayo ndiyo mazigazi. Kufikia saa tatu asubuhi, mita 100 za hewa juu ya tope lililo wazi zinatosha kuvuruga picha, na hakuna lenzi ya bei yoyote inayotibu hilo. Dawa ni kuwahi au kusogea.

La pili ni sensa, yaani kipande kinachopokea mwanga na kuufanya picha. Ya P900 (mtangulizi wa P950), P950 na P1000 ina upana wa milimita 6 na kidogo, nayo imejazwa pikseli milioni 16. Zumu ikifika mwisho, tundu la lenzi la P950 haliwezi kuwa pana kuliko f/6.5 (namba ya f ikiwa ndogo, tundu ni pana zaidi), na hapo nukta moja ya mwanga huenea juu ya pikseli kadhaa. Kwa hiyo usizidi kulibana tundu ukidhani utapata ukali zaidi. Utapoteza ukali na mwanga pamoja. Zima pia zumu ya kidijitali kwenye menyu. Haiongezi chochote ambacho huwezi kukifanya nyumbani kwa kukata picha.

Wanaouliza wanunue ipi, jibu langu linategemea mahali. Kwa msituni na kwenye vivuli, kama Shimba Hills au chini ya mivinje ya Haller Park, Sony RX10 IV inashinda ingawa zumu yake inaishia milimita 600, kwa sababu sensa yake ina eneo kama mara nne ya zile ndogo na tundu linabaki f/4 hadi mwisho. Kwa ndege wa ufuoni penye mwanga mwingi, P950. P1000 ina uzito wa kilo 1.4, na ukiivuta yote, kwa mita 50 unaona eneo lenye upana wa sentimita 60 tu. Kuishika kwa mkono hivyo ni mateso, na ndege akipiga hatua mbili ameshatoka nje ya fremu.

Sasa maji, ambayo ndiyo hasa humpa ushindi mpiga picha wa Pwani. Vitwitwi, sululu na yangeyange hufuata ukingo wa maji. Maji yakiwa yamekupwa kabisa, ukingo uko mbali na ndege wako huko huko. Yakiwa yamejaa, tope limefunikwa na wengi wamekwenda kupumzika. Unachotaka ni nusu ya maji, tope likiwa ukanda mwembamba mbele ya mikoko. Siku za bamvua, maji makubwa ya mwezi mpevu na mwezi mwandamo, maji Mombasa hujaa kama saa kumi alfajiri na kupwa kama saa nne asubuhi, hivyo saa moja asubuhi maji yako nusu yakishuka, jua liko chini na mazigazi hayajaanza. Siku za maji mafu, yanayopanda na kushuka kidogo, mambo hugeuka: saa moja yanapanda, nayo huwasukuma ndege kukujia, ingawa tofauti ya kimo ni ndogo. Siku za katikati usikisie. Fungua jedwali la maji la Kilindini. Wageni wa kutoka Ulaya na Asia huwa wengi kati ya Septemba na Aprili. Kaa upande wa mashariki wa tope ili jua liwe mgongoni, chuchumaa, tulia. Ndege wataisogelea lenzi wenyewe usipowafuata. Na lenzi ndefu usiielekeze bandarini, kivukoni Likoni wala kwenye kambi ya jeshi la majini Mtongwe. Utajieleza hadi maji yajae tena.

Kumpata ndege kwenye zumu ndefu kuna ufundi wake. Anza kwa upana, tafuta alama isiyosogea kama tawi lililovunjika, iweke katikati, vuta hadi milimita 500, sawazisha, kisha endelea. Nikon hizi zina kitufe ubavuni mwa lenzi: ukikibonyeza na kukishikilia, zumu hurudi nyuma, ukikiachia, hurudi ulipokuwa. Kizoeshe kidole gumba. Chungulia kwa jicho badala ya skrini, viwiko vikigusa mbavu, kwa kuwa kamera iliyo mbele ya uso hutikisika.

Tumia hali ya S, uchague mwenyewe kasi ya shata, yaani sehemu ya sekunde ambayo kamera inapokea mwanga. Ndege aliyetulia, 1/250 inatosha kwa msaada wa kidhibiti mtikisiko. Anayekula huku akitingisha kichwa, 1/500. Anayeruka, 1/1600 na zumu ipunguzwe. ISO, wepesi wa sensa kwa mwanga, isipite 800 kwenye sensa ndogo, maana baada ya hapo programu ya kamera hufuta chembechembe na manyoya pamoja nazo. Yangeyange mbele ya mikoko, shusha mwanga kwa 0.7 hadi 1 kwenye fidia ya mwanga (alama ya +/-), la sivyo weupe wake unabaki tupu. Mwewe dhidi ya anga nyeupe, pandisha 1 au zaidi.

Fokasi iweke kwenye kiboksi kidogo cha katikati. Ikikataa kushika kwa sababu ya vijiti, fokasi kwenye shina lililo umbali ule ule, shikilia kitufe nusu, rudi kwa ndege. Kumbuka pia kwamba zumu ikiwa mwisho, P950 haioni kilicho chini ya mita 5 hivi. Mfululizo wa P900 ni picha 7 kwa sekunde, na baada ya hizo 7 kamera inanyamaza ikiandika kwenye kadi. Usianze mapema: ngoja ndege ainame mbele au atoe kinyesi, dalili za kwamba anataka kuruka.

Kwenye gari, kama Shimba Hills ukitafuta palahala, zima injini kabisa. Mtetemo wake huonekana kwenye picha. Weka kifuko cha kunde, kilo moja hivi, kwenye ukingo wa dirisha na kamera juu yake. Gari likiwa na AC, safiri na kamera ikiwa ndani ya begi lililofungwa, na ukishuka usilifungue kwa nusu saa. Ukiharakisha, mvuke utaganda kwenye lenzi, na mwingine ndani usikofikia.

Chumvi na mchanga ndivyo vinavyoziua kamera hizi Pwani. Lenzi hutoka na kuingia kama darubini ya nahodha, na punje ikikaa kwenye bomba huvutwa ndani unapozima, meno yakakwama na skrini ikaandika hitilafu ya lenzi. Kabla ya kuzima, puliza bomba lote kwa kipuliza cha mpira, kisha futa mwili kwa kitambaa kilicholowa kidogo maji matamu, halafu kikavu. Kioo cha mbele kipulizwe kwanza. Ukikifuta na chumvi juu yake unakikwaruza.

Nyumbani usiiache ndani ya begi la kitambaa, kuvu huota humo. Unyevu wetu uko juu karibu mwaka mzima. Iweke kwenye deli la plastiki lenye kifuniko kinachobana, pamoja na vifuko vya silika, punje zinazonyonya unyevu, vinavyobadilika rangi. Rangi ikigeuka, vikaushe kwenye joto dogo na uvirudishe. Kila wiki itoe, uvute zumu mwanzo hadi mwisho mara mbili tatu, na umulike lenzi kwa tochi kutoka ubavuni kutafuta nyuzi nyeupe za kuvu. Ukiziona mapema, fundi bado anaweza kuzisafisha.