Uchungu nao huwa unaachia: kwa dada aliyeuliza "kutulia kunafanywaje?"

Mdogo wangu, ulichoandika jana nimekisoma zaidi ya mara mbili. Umesema una watoto wawili, kazi ya benki inayokurudisha nyumbani saa mbili usiku, marejesho ya mkopo kila mwisho wa mwezi, na mama yako aliyepooza upande mmoja unaishi naye. Umesema siku hizi simu ikilia tu kifua kinabana. Halafu ukamalizia na swali ambalo ndilo lililonikalisha hapa niandike: "Kila mtu ananiambia tulia. Hivi kutulia kunafanywaje?"

Wengi wamekushauri uzime simu, uende Bagamoyo mwisho wa wiki, ulale. Nia yao ni njema. Lakini mtu mwenye mzigo kama wako huo mwisho wa wiki hana, na akiupata unaishia kwenye kufua na kumpeleka mgonjwa kliniki. Nitakujibu kwa niliyoyapitia mwenyewe.

Mimi ni mkunga. Huu ni mwaka wa 14 niko leba, kwenye hospitali ya serikali hapa Dar. Mwaka 2019 nilikuwa nafanya kazi mbili: zamu zangu za hospitali, na siku tatu kwa wiki nikitoka usiku naunganisha moja kwa moja dispensari moja ya mtaani mpaka saa nane mchana. Mume wangu alikuwa mkoani kikazi. Watoto watatu, wa mwisho ana miaka saba. Mama yangu ana kisukari, kliniki yake Jumatano, na wa kumpeleka ni mimi. Nilikuwa natembea haraka, naongea haraka, nakula nimesimama. Nilidhani huo wepesi ndio umahiri wenyewe.

Usiku mmoja wazazi walikuwa wengi na sisi wakunga tulikuwa watatu tu. Nikavuta dawa kwenye bomba la sindano, nikageuka kwenda kumchoma mama mmoja. Mwenzangu akanishika kiwiko. Hakupandisha sauti. "Dada, hebu soma tena." Nikasoma kichupa. Haikuwa dawa ya yule mama. Vichupa viwili vinafanana kimo na rangi ya kizibo, na mimi nilikuwa nimeokota kwa mkono bila kutazama kwa jicho. Hakuna aliyedhurika. Niliimwaga, nikaandika ripoti ya tukio, nikaendelea na kazi mpaka kukakucha. Lakini miguu haikuwa na nguvu tena.

Asubuhi ile nafika nyumbani nikamsikia mwanangu mdogo anacheza uani, anaongea na gari lake la makopo. Nikaingiza funguo getini. Akanyamaza. Nilipofungua geti uani hapakuwa na mtu, ameshaingia ndani. Jioni nikamuuliza dada yake mkubwa, kulikoni mdogo wako ananikimbia? Akanijibu huku anaangalia chini: "Mama, ukirudi huwa tunasubiri kwanza tujue umekujaje."

Nakuambia haya ili ujue sikuandikii nikiwa mtu aliyezaliwa mtulivu.

Wiki chache baadaye nilikuwa na binti wa mimba ya kwanza. Uchungu ulikuwa umekolea, na kosa lake ni lile la wengi: uchungu ukiachia, yeye haachii. Anabaki ameshika kitanda, meno ameyakaza, anaungojea unaofuata. Nikamwekea mkono begani nikamwambia maneno ambayo nimeyasema maelfu ya mara: "Umeachia mwanangu. Na wewe achia. Legeza taya. Shusha mabega. Huu ndio muda wako." Nikajisikia nikiyasema, na papo hapo nikagundua kwamba mabega yangu mwenyewe yako masikioni na taya zangu zimebana kuliko zake.

Nikueleze uchungu unavyofanya kazi, maana jibu la swali lako mimi nililipata humo. Uchungu uliokolea huja mara tatu mpaka tano ndani ya dakika 10, kila mmoja unakaa kama sekunde 40 mpaka 60. Piga hesabu: ukija mara nne, kila mmoja sekunde 50, hizo ni sekunde 200. Dakika 10 ni sekunde 600. Yaani kwenye kazi nzito kuliko zote anazoweza kufanya mwili wa mwanamke, muda mwingi zaidi mfuko wa uzazi umelegea. Na kulegea huko sio anasa. Mfuko ukikaza, damu inayopita kwenda kwenye kondo la nyuma hupungua. Ukilegea ndipo damu inarudi na mtoto anapata hewa yake. Tukiona uchungu unakuja zaidi ya mara tano kwa dakika 10, hatufurahi kwamba kazi inakwenda mbio. Tunaogopa. Kama mama yuko kwenye dripu ya kuongeza uchungu tunaifunga, tunamlaza ubavu wa kushoto, tunasikiliza mapigo ya mtoto kama bado yako kati ya 110 na 160. Kwa sababu uchungu usio na mapumziko hauharakishi kuzaa, unamchosha mtoto tumboni.

Mimi nilikuwa naishi uchungu usioachia. Nikitoka kwa mama mmoja kwenda kwa mwingine, yule wa kwanza nilikuwa bado nimembeba. Nikiwa kwenye daladala nilikuwa bado wodini. Nikiwa nyumbani nilikuwa nimeshafika kesho. Pumziko nililokuwa nalingoja ni lile la mwisho, kazi zote zikiisha, na kazi haziishi.

Sasa kunafanywaje? Nilianzia mahali ambapo hakuna mtu angeniuliza kwa nini nimesimama: kwenye sinki. Sisi tunafundishwa kunawa kwa sabuni na maji kwa sekunde 40 mpaka 60, kabla ya kumgusa mgonjwa na baada. Nilikuwa nanawa kwa sekunde kumi, akili iko kitanda namba sita. Nikaamua ule muda ambao kazi yenyewe imeshanipa niutumie wote. Maji yakifunguka tu, nashusha mabega, naachanisha meno, navuta pumzi nahesabu mpaka nne, naitoa taratibu nahesabu mpaka sita. Mara nne au tano hivi, mikono imeshakuwa safi. Kisha naenda kwa mama anayefuata nikiwa nimemwacha yule wa nyuma.

Usiidharau hiyo pumzi ya kutoka. Ukivuta hewa moyo huongeza kasi kidogo, ukiitoa hupunguza. Ukitaka kulithibitisha shika kifundo cha mkono wako penye mapigo, vuta na utoe polepole, utalisikia. Kuna mshipa wa fahamu unaitwa vagasi, unatoka shina la ubongo kushuka mpaka kwenye moyo, mapafu na tumbo, na ndio unaoutuliza moyo. Pumzi ndefu ya kutoka huupa nafasi ya kufanya kazi yake. Mtu mzima aliyetulia hupumua mara 12 mpaka 20 kwa dakika. Hesabu ya nne na sita inakushusha mpaka mara sita. Huhitaji kuamini chochote ili ifanye kazi. Mwili ndivyo ulivyoumbwa.

Mwenzangu mmoja wa zamu ni Mkatoliki, ana rozari mfukoni, na nilikuwa najiuliza mbona yeye usiku ukichafuka hachafuki nao. Baadaye nikasoma kuhusu utafiti uliochapishwa mwaka 2001 na watafiti wa Italia wakiongozwa na Luciano Bernardi: watu 23, wakisali rozari kwa Kilatini, upumuaji wao ulishuka wenyewe mpaka takriban mara sita kwa dakika. Nikamwonyesha. Akatabasamu tu.

Kwangu mimi kilichorudi ni madrasa ya utotoni Pangani. Tukiswali mbio mbio ili tuwahi kucheza, marehemu babu alikuwa akituita turudie. Alikuwa akitufundisha neno moja, tumaanina: kila kitendo cha swala kina kusimama kwake. Mtume, rehema na amani ziwe juu yake, akiinuka kutoka kwenye rukuu, yaani kuinama, alikuwa akisimama wima mpaka kila pingili ya mgongo irudi mahali pake, ndipo aende kwenye sijda, kusujudu. Na aliyeswali bila utulivu huo aliambiwa, rudi ukaswali, kwani hujaswali. Nimeswali miaka yote hiyo sijawahi kufikiri kwamba pumziko lilikuwa ndani ya kitendo chenyewe, tena ni sharti lake. Wewe kama si Mwislamu lichukue kama alivyokuwa akilisema babu: usiende kwenye jambo la pili mifupa yako bado iko kwenye la kwanza.

Kwa hiyo mimi nilitafuta mishono ya siku yangu, pale jambo moja linapoishia na lingine linapoanzia. Kunawa mikono. Kupokea ripoti ya zamu: kabla sijafungua kitabu, pumzi tatu. Kushuka daladala Mbagala: sianzi kutembea mpaka gari limeondoka. Na geti la nyumbani, ambalo ndilo lililokuwa gumu kuliko yote. Nikifika nilikuwa nasimama nje, mgongo nimeuegemeza ukutani, nahesabu pumzi kumi. Wiki ya kwanza jirani aliniuliza, "Mama, umepoteza funguo?" Nikamwambia napumzika kidogo. Akaniambia karibu ukae kibarazani, nikakaa. Siku nyingine nilipitiliza geti kwa sababu kichwa kilikuwa kimejaa, nikaingia na mambo yangu yote, na watoto wakaona. Nilikuwa natoka, nasimama tena, naingia upya. Mtoto wa miaka saba anaelewa hilo kuliko unavyodhani.

Haikuwa wiki moja. Mwezi wa kwanza nilikuwa nakumbuka labda mara mbili kwa siku, na mara nyingi nakumbuka nikiwa nimeshafoka. Kilichonisaidia ni kutojiwekea saa. Nilijaribu kuamka saa kumi alfajiri nikae kimya nusu saa, nikashindwa siku ya nne, nikajiona sifai. Sinki halikuwa na shida hiyo, kila siku liko palepale na lazima nilifikie.

Nisikudanganye pia kwamba pumzi zinalipa mkopo. Kutulia kulinipa kitu kimoja: niliweza kuyaona mambo yangu kama yalivyo, na yalikuwa mengi kupita kiasi. Nikapiga hesabu ya ile dispensari nikakuta baada ya nauli na kumlipa dada wa kazi kwa saa za ziada, kilichokuwa kinabaki hakilingani na ninachopoteza. Nikaacha. Nikawaita kaka zangu wawili na mdogo wetu wa kike, nikawaambia bila ugomvi kwamba mama ni wetu sote: mmoja achukue Jumatano mbili za mwezi, mmoja dawa, mmoja amchukue mama wakati wa likizo. Miaka yote nilikuwa nanung'unika kwamba hawasaidii, kumbe sikuwahi kuwaambia waziwazi. Kaka mmoja alikubali siku ileile. Mwingine ilibidi shangazi aingilie kati. Kwa mama aliyepooza mzigo ni mkubwa kuliko wangu, hivyo ndugu zako waite mapema, na waite wote kwa pamoja, usimwendee mmoja mmoja.

Na hilo la kifua kubana, usilipite hivihivi kwa ushauri wa mtandaoni, wangu ukiwemo. Nenda ukapime presha. Mimi yangu ilikuwa 150 kwa 96 na sikuwa na dalili hata moja. Ikiwa maumivu ya kifua yanakuja unapopanda ngazi, au yanaelekea mkononi au tayani, nenda hospitali saa hiyohiyo. Na kama usingizi umekata wiki kadhaa, au umeanza kufikiri kwamba heri usiwepo, mwambie daktari kwa maneno hayohayo, usiyapunguze. Hayo ni maradhi kama mengine na yana matibabu yake.

Ukipenda kuanza leo, anza na hiyo simu, maana ndiyo inayokubana. Ikilia usiirukie. Iache iite mara tatu. Mlio wa kwanza shusha mabega, wa pili legeza taya, wa tatu toa pumzi yote iliyomo ndani, ndipo upokee. Anayepiga hatajua chochote, na akiwa meneja wako atakusikia unasema "haloo" kwa sauti yako mwenyewe. Fanya hivyo kwa simu zote, hata ya muuza mkaa, usichague. Halafu baada ya wiki uje hapa utueleze kifua kinasemaje, na presha umeikuta ngapi. Mimi leo naingia usiku, nitakujibu kesho mchana nikiamka.